Wakuu naombeni ushauri: meneja ananitesa, nataka kuacha kazi

Kauzu wa Stoo (mleta uzi): Wakuu habari za usiku. Mimi ni mtunza stoo kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi hapa Dar. Kazi naipenda, shida ni meneja aliyeletwa mwaka jana. Ananitukana mbele ya vibarua na madereva, Jumapili ananiita, likizo hataki hata kuisikia. Presha imepanda, mke wangu anasema nimekonda. Nataka niache kwa notisi ya saa 24. Imekaaje hii? Naombeni ushauri, matusi nimeshashiba.

Kiberenge: Acha leo leo mkuu. Mimi niliacha benki nikaanza kufuga kuku. Kideri kikafyeka banda zima, lakini sijarudi kuajiriwa na usingizi napata.

Mama Pili: Usimsikilize huyo wa kuku, baba. Ada ya Januari utalipa na nini? Marehemu mume wangu alitukanwa kazini mpaka anastaafu, na nyumba tunayolala Mbagala ni ya mafao yale. Vumilia, na umwombe Mungu.

Nyundo: Turudi kwenye swali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28, labda mkataba wako uwe na zaidi. Ukiondoka kwa saa 24, unamlipa mwajiri badala ya notisi. Ukiacha mwenyewe, kiinua mgongo sahau. Ila kama mwajiri ndiye aliyekufanya kazi isikalike, unaweza kwenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kudai kwamba umeachishwa isivyo halali, ndani ya siku 30, ukiwa na ushahidi. Sasa niambie, haraka ya nini? Aliyechoshwa na matusi tu anaweza kumaliza mwezi wake.

Kauzu wa Stoo: Nimechoka tu mkuu.

Nyundo: Leo ulikwenda kazini?

Kauzu wa Stoo: Sijaenda tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Ililetwa saruji, hati inasema mifuko 600. Nimesimama mlangoni nahesabu na wapakuaji, ikashuka 540. Meneja akasema saini, iliyobaki inakuja jioni. Nikakataa. Akaniambia nisirudi mpaka nipate akili. Nikaondoka, simu nikazima. Funguo za stoo ninazo. Msinilaumu, ningesaini, siku ya kuhesabu mzigo deni lingekuwa langu.

Chausiku: Funguo zipo nyumbani kwako?! Jamani.

Nyundo: Hili ndilo ungeanza nalo. Kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya maana ni kosa linalotosha mtu kufukuzwa. Hapo ulipo, mtoro ni wewe na mshukiwa wa mifuko 60 ni wewe.

Mzee wa Lushoto: Hii chai. Akaunti imefunguliwa juzi. Na stoo ya saruji ifungwe wiki nzima kwa sababu mtu mmoja kaondoka na funguo? Wateja wanauziwa nini?

Kiberenge: Chai ya rangi kabisa, hata tangawizi haina. Mleta uzi leta picha ya funguo.

Chausiku: Na mimi nilishaanza kumwonea huruma.

Kauzu wa Stoo: Akaunti ni mpya kwa sababu ile ya zamani wenzangu kazini wanaijua. Stoo haijafungwa. Funguo ni seti mbili, nyingine anayo meneja. Mzigo unaingia na kutoka mimi sipo, na kitabu kina jina langu. Silali wakuu.

Mzee wa Lushoto: Kwa hilo la seti mbili nimekuelewa, samahani kijana. Nimefanya kazi za stoo muda mrefu. Mtunza stoo akiondoka kwa hasira, upungufu wote anabebeshwa yeye, mpaka wa kabla yake. Andika barua kwa mkurugenzi, meneja mruke. Taja tarehe, namba ya lori, waliopakua. Omba mzigo uhesabiwe ukiwepo. Dereva huwa anabaki na nakala yake, itafute hiyo kabla ya kitu kingine.

Kauzu wa Stoo: Barua ya saa 24 nimeshaiandika, nilitaka niitume WhatsApp usiku huu. Mtu wa utumishi ni shemeji yake meneja, haki nitaipata wapi?

Mama Pili: Usitume, mwanangu! Na hapo kwenye kuvumilia nimeyarudisha maneno yangu. Nenda na mtu mzima awe shahidi.

Kauzu wa Stoo: Nimempigia dereva. Nakala anayo, imeandikwa 540, ila anaogopa kunitumia picha. Kuacha nitaacha, hilo nimeshaamua. Lakini kesho naanzia kwa mkurugenzi, na funguo nakabidhi kwake.

Nyundo: Asaini kwanza kwamba amezipokea, ndipo uziachie. Na dereva mfuate mwenyewe asubuhi, kabla hajapangiwa safari.