Helthi vizita England: ni lazima mzazi afungue mlango?

Mkalimani_Kaskazini

Salaam wadau. Wazazi wapya wanaozungumza Kiswahili hapa England wanauliza jambo moja kila mara. Huyu nesi anayekuja nyumbani mkunga akishamaliza kazi yake, helthi vizita, anakuja kwa sheria gani? Ni lazima apokewe? Na asipotokea kabisa, wa kudaiwa ni hospitali, GP (daktari wa mtaani) au kaunsili (serikali ya mtaa)? Mitaani majibu yanagongana: mmoja anaambiwa "ukikataa wanachukua mtoto", mwingine "ni hiari, wapuuze tu". Naomba mwenye kujua kanuni atunyooshee.

SheriaKwanza

Wa kudaiwa ni kaunsili. Tarehe 1 Oktoba 2015 huduma za afya ya umma kwa watoto wa miaka 0 hadi 5 zilitoka NHS (huduma ya afya ya taifa) zikaenda kwa kaunsili, zikifuata mfumo uliowekwa na Sheria ya Afya na Huduma za Jamii ya 2012. Nesi mwenyewe mara nyingi bado ameajiriwa na NHS, ndiyo maana watu wanachanganyikiwa, lakini mkataba na fedha viko kaunsili.

Kanuni za 2015 zinataka kila familia ipewe nafasi ya ziara tano: mimba ikiwa na wiki 28 au zaidi, siku ya 10 hadi 14 baada ya kujifungua, wiki ya 6 hadi 8, kabla mtoto hajatimiza mwaka, na kati ya miaka 2 na miaka 2 na nusu. Mwanzoni kanuni hizo ziliwekewa ukomo wa Machi 2017, lakini ukomo huo ukaondolewa. Tatizo ni kwamba kaunsili inatakiwa kutimiza haya "kadiri inavyowezekana". Hapo ndipo familia nyingi zinapopotelea. Idadi ya helthi vizita imeshuka sana tangu 2015, na ziara ya nyumbani inageuzwa simu au miadi ya kliniki.

Mzazi kwa upande wake halazimishwi. Hakuna kifungu kinachompa helthi vizita haki ya kuingia nyumbani kwa mtu, na kukataa huduma peke yake si kosa. Sheria ya Watoto ya 1989, kifungu cha 47, inaitaka kaunsili ichunguze pale penye sababu ya msingi ya kushuku kwamba mtoto anadhurika vibaya au yuko hatarini kudhurika hivyo. Kumwondoa mtoto bila ridhaa kunahitaji amri ya mahakama, au polisi kwa kifungu cha 46 kukiwa na hatari hiyo, na hapo ni kwa muda usiozidi saa 72. Kwa hiyo huo uvumi wa "wanachukua mtoto" tuuache, unawatesa wazazi bure.

KadiYaKliniki

Nakubaliana na SheriaKwanza, ila "wapuuze tu" ni ushauri mbaya zaidi kuliko ule uvumi. Kukataa na kukaa kimya ni vitu viwili tofauti. Mzazi akisema wazi, ikiwezekana kwa maandishi, "asante, ziara hii hatuihitaji, mtoto anaonwa na GP", inaandikwa kwamba amekataa huduma, basi. Barua zisipojibiwa na simu zisipopokelewa, kwenye faili inaandikwa kwamba mtoto *hakuletwa*. Hayo yakijirudia, nesi anapaswa kuuliza GP na wengine kama kuna anayemwona mtoto huyo. Hapo maswali ya ulinzi wa mtoto yanaanza, na chanzo chake ni barua ambayo mzazi hakuielewa.

Lingine ni namna taarifa inavyosafiri. Mtoto akizaliwa, hospitali au mkunga anatakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 36. Taarifa hiyo ndiyo inayompatia mtoto namba ya NHS na kumfikia helthi vizita. Si sawa na kumwandikisha mtoto kwa msajili wa vizazi, kazi ya mzazi yenye siku 42. Hospitalini mtoto anaingizwa kwa jina la ukoo la mama. Baadaye anaandikishwa kwa jina la baba, GP anafungua faili jipya, na sasa mtoto mmoja ana rekodi mbili: chanjo huku, ziara kule. Dawa yake ni kumpeleka GP mkiwa na ile namba ya NHS ya hospitali na kusema wazi kwamba ni mtoto yuleyule aliyebadilishwa jina.

Kwa familia iliyohamia na mtoto mdogo kutoka nje ya nchi, hakuna taarifa ya kuzaliwa kabisa. Njia ni kujiandikisha kwa GP, na GP hatakiwi kumkataa mtu kwa kukosa kitambulisho au uthibitisho wa anwani.

Mkalimani_Kaskazini

Shukrani sana, hilo la majina mawili linaeleza mengi. Na ile ya wiki 6 hadi 8: wengine wanasema "GP kashamwona, yatosha".

KadiYaKliniki

Hapana, ni mambo mawili. GP anapima macho, moyo, nyonga, na korodani kwa wavulana. Helthi vizita anaangalia kunyonya, uzito kwenye mistari ya kitabu chekundu (daftari la afya ya mtoto), na hali ya mama, hasa huzuni baada ya kujifungua. Ukifanya moja, la pili bado linakudai.

Kwenye ziara hizi mama huulizwa pia kuhusu ukatili nyumbani, na swali hilo linatakiwa aulizwe akiwa peke yake. Mume, shemeji au mtoto mkubwa asitafsiri. Omba mkalimani siku ile ile unayopanga miadi, maana mlangoni ni kuchelewa. Na kabla ya ziara ya miaka 2 hutumwa dodoso kuhusu usemi, viungo, vidole, kutatua mambo na kujihudumia. Mjibu mkifikiria lugha zote za mtoto. Anayesema "maji" na "njoo" anasema, hata kama neno la Kiingereza hajalitamka.

Bonde_la_Clyde

Walioko Scotland, msitumie hesabu hii. Mpango wa huko wa 2015 una ziara 11 za nyumbani, 8 kati yake mwaka wa kwanza, kisha miezi 13 hadi 15, miezi 27 hadi 30, na kabla ya shule. Na uandikishaji wa kizazi huko ni siku 21.

Ule mpango wa kumpa kila mtoto afisa maalumu, wa sheria ya 2014, bado unatajwa kana kwamba unatumika. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliyakataa masharti yake ya kupeana taarifa mwaka 2016 kwa kuingilia faragha ya familia, na 2019 serikali ya Scotland ikauacha.

SheriaKwanza

Kwa aliyekosa ziara England: anza na timu ya helthi vizita, namba yao imo kwenye kitabu chekundu au iulize kwa GP. Wasipojibu, andikia kitengo cha afya ya umma cha kaunsili. Taja tarehe ya kuzaliwa, namba ya NHS na ziara gani imekosekana kati ya zile tano. Malalamiko rasmi yana muda wa miezi 12, ila usingoje. Ziara ya siku ya 10 ikifika mwezi wa tatu, uzito uliopaswa kufuatiliwa mapema umeshapita bila mtu kuuona.