Tuliofuga mbwa wa misuli Uganda (Staffie, pitbull, bull terrier), tupeane uzoefu

MamaTofali, Mukono

Habari zenu wapendwa. Nafungua uzi huu kwa sababu mwezi uliopita nilikaribia kumzika mbwa wangu huku nikiamini ni mzima.

Tofali ni Staffordshire Bull Terrier (ndiyo Staffie), dume, miaka 5, kilo 16. Kwa wasiowajua, si mbwa mrefu, hanifiki hata gotini, lakini ana kifua kipana na shingo nene, na ukimshika mgongo ni kama umeshika gunia la mchanga. Kwa siku nne hivi alikuwa hamalizi chakula. Nikasema ni joto. Mpira alikuwa bado anaukimbilia, na nikirudi kazini ananirukia kama kawaida. Siku ya tano aliniletea mpira una damu. Nikadhani amejing'ata ulimi. Nilipomfunua mdomo, ufizi ulikuwa mweupe kama posho (ugali). Damu ilikuwa inatoka puani.

Daktari alipima damu akakuta erlikia, ugonjwa unaoletwa na kupe wa mbwa, yule wa kahawia anayejificha hata kwenye nyufa za ukuta. Chembe zinazogandisha damu zilikuwa zimeshuka sana. Tukapewa doksisaiklini ya siku 28, anameza akiwa ameshakula maana inachafua tumbo. Amepona, Mungu ni mwema. Ila daktari aliniambia kwamba mbwa mwingine angekuwa amelala chini tangu siku ya pili, na huyu alikuwa anakufa huku anacheza.

Tangu siku hiyo, kila jioni namkagua kwa vidole. Naanzia ndani ya masikio, nashuka chini ya mkanda wa shingo, kwapani, halafu katikati ya vidole vya miguu, kimoja kimoja. Kupe aliyeshiba anafanana kabisa na mbegu ya mbarika. Huwezi kumwona, unamsikia kidoleni. Mwisho nainua mdomo wa juu, nabonyeza ufizi kwa kidole gumba hadi uwe mweupe, naachia. Wekundu ukirudi ndani ya sekunde 2 naenda kulala.

Nyie wenzangu mmepitia yapi?

Afande_Mstaafu, Bombo

Pole sana binti yangu, na umefanya vizuri kuuliza.

Mimi nilinunua pitbull mwaka 2017, nikamwita Kanali. Kila aliyemwona alinipa ushauri mmoja: mfunge mnyororo mchana na usiku, ukimwachia atazoea watu hatalinda. Nikamfunga chini ya mwembe karibu na geti, mnyororo wa hatua tatu. Baada ya mwaka mmoja ardhi ilikuwa imechorwa duara, majani hayaoti, imekuwa ngumu kama sakafu. Nilikuwa naipita ile duara kila siku nikienda msikitini na sikuielewa.

Siku moja mnyororo ulikatika akamng'ata kijana anayetuletea maziwa, kwenye paja. Tuliosha kidonda kwa sabuni na maji ya kutiririka dakika 15 nikitazama saa, kisha nikampeleka mwenyewe hospitali akaanza sindano za kichaa cha mbwa. Kanali alikuwa na chanjo, lakini tulimtenga siku 10 tukimwangalia kama tulivyoelekezwa. Kijana alipona, gharama zote nililipa mimi, na baba yake nilimwomba radhi mbele ya wazee.

Majirani wakasema mpige risasi. Nilikuwa nimekubali. Lakini wakati wa kumhamishia kwenye kibanda cha kumtenga ilibidi nitoe mkanda wake wa shingo, na mkanda haukutoka. Ulikuwa umezama kwenye nyama. Chini yake kidonda kimezunguka shingo nzima, kinanuka, na mimi ndiye niliyekuwa namwekea chakula kila asubuhi. Hakuwahi kulia hata siku moja. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi.

Nilimjengea banda la wavu lenye kivuli, na kila alfajiri nikitoka kuswali namtembeza saa nzima kabla jua halijawa kali. Sisi ni Waislamu, ndani ya nyumba haingii, na chombo akikiramba tunakiosha mara 7, moja kwa udongo. Hayo hayanizuii kumshika na kumkagua, nina mikono na nina maji. Ilimchukua karibu mwaka mzima kuacha kunguruma mtu akipita. Mpaka leo sijawahi kumwacha peke yake na wajukuu, hata dakika moja, na wenye mbwa hawa wote nawasihi msiwaache. Lakini amani imerudi uani kwangu, na mwizi bado hajathubutu.

Nyota_wa_Mpakani, Busia

Mzee Afande, shikamoo. Nimesoma nikalia.

Mimi niongelee chakula kidogo, maana watu wanadhani misuli inatokana na nyama mbichi. Mbwa wangu anakula posho na mukene (dagaa), mapafu ya ng'ombe mara mbili kwa wiki, maboga na majani kidogo. Mukene nyingi zinaanikwa chini kwenye mchanga, kwa hiyo zioshe mara tatu nne mpaka maji yatulie bila chenga chini ya beseni. Kitunguu usimtilie kabisa, kinaharibu damu yake, hata mchuzi uliobaki wa nyumbani kama una kitunguu msimpe. Na mifupa iliyopikwa inavunjika kama vioo.

Kijana_Ntinda, Kampala

Ahsante kwa uzi huu dada. Mimi nina Zabibu, pitbull jike, miaka 4. Yuko sawa tu, wiki hii mvivu kidogo, nadhani ni hili joto.

Langu ni kuhusu mbwa wawili. Zabibu alikulia pamoja na jike mwingine wa kienyeji, wanalala wamebebana. Alipofika kama miaka miwili wakaanza kutazamana vibaya penye sahani. Nikapuuza. Jumapili moja walishikana, Zabibu kamng'ata mwenzake shingoni na haachii. Watu wanasema taya zao zinajifunga kama kufuli. Si kweli, mdomo wao ni kama wa mbwa yeyote, ni ile nia tu ya kutoachia. Nilifanya kosa la kuingiza mkono, nina mshono hapa kwenye kiganja. Kilichosaidia ni mimi na jirani kila mmoja kushika miguu ya nyuma ya mbwa wake, tukaiinua kama unavyosukuma toroli, na kurudi nyuma polepole alipolegeza. Sasa wanakula vyumba tofauti, wanatoka kwa zamu, na wote wawili wamefungwa uzazi.

Tena kuna mtu aliwahi kunifuata getini akitaka Zabibu "wampime" na mbwa wake, yaani wapiganishwe kwa pesa. Nilimfukuza. Wakija kwenu wafukuzeni.

Msaidizi_wa_Mifugo, Jinja

Niongeze mawili matatu ninayoyaona kazini.

La kwanza, dawa ya josho la ng'ombe. Tafadhali. Mwenye mbwa anaona kupe, anachukua chupa ya amitrazi ya ng'ombe, anapima kwa kifuniko, anamwogesha mbwa. Mchana tunaletewa mbwa anayepepesuka, mapigo ya moyo yamepungua, mwili umepoa. Nimemshika mmoja mikononi, bull terrier mweupe, alikuwa na mwaka mmoja, hakupona. Siku hizi kuna vidonge vya kutafuna vya kupe na viroboto, vinapimwa kwa kilo za mbwa, na hivyo hivyo vinaua wadudu wa demodeksi wanaowanyonyoa nywele usoni na miguuni wakiwa wadogo. Ni ghali, najua. Lakini pima uzito, nunua kidonge kimoja, usigawe cha mbwa mkubwa kwa kisu.

La pili, ngozi. Mbwa hawa wana nywele fupi na ngozi inayochukia vitu vingi. Akijilamba miguu mpaka nywele ziwe rangi ya kutu, usimpake mafuta ya gari kama wengi wanavyofanya. Ni mzio, au kupe, au vyote, mlete aonekane. Na bull terrier mweupe mpime masikio angali mdogo, wengine huzaliwa viziwi na mwenyewe anadhani ni mkaidi.

La tatu ndilo alilosema MamaTofali, kwamba mbwa hawa wanavumilia maumivu bila kuonyesha, na lina asili yake. Mababu wa mbwa hawa walichanganywa Uingereza kutoka bulldog na terrier. Mchezo wa kumchochea fahali kwa mbwa ulipigwa marufuku kule mwaka 1835, watu wakaendelea kuwapiganisha mbwa kwa mbwa kwa siri, na aliyezalishwa ni yule aliyeendelea hata akiwa ameumia. Staffie alitambuliwa na Kennel Club, chama cha mbwa cha kule, mwaka 1935, akiwa mbwa wa nyumbani, lakini ule uvumilivu umebaki kwenye damu. Kwa hiyo mimi nikiletewa mbwa wa aina hii na mwenyewe anasema "amechoka kidogo tu", sisubiri, natoa damu.

Kijana wa Ntinda, umeandika Zabibu ni mvivu wiki hii. Mfunue mdomo leo. Angalia na mkojo, kama una rangi ya kahawa usingoje asubuhi.

Mama_wa_Watatu, Arua

Wenye watoto wa mbwa, anikeni matandiko juani na myapige pasi. Wangu alitoka vijipu 11 tumboni, kila kimoja kina kitundu katikati, na ukitazama kwa makini kitundu kinapumua. Ni funza wa nzi wa maembe. Nilipaka mafuta mazito ya mgando, nikangoja, nikawatoa mmoja mmoja kwa kubana pande zote mbili, kisha dawa ya vidonda. Alinitazama tu machoni muda wote.

Kasese_Juu

Mimi sina hadithi ya furaha. Niliuziwa Staffie "wa bluu" akiwa na wiki nne, muuzaji akasema chanjo zote amemaliza. Wiki nne hawezi kumaliza chanjo, zinaanza wiki ya 6 hadi ya 8 na zinarudiwa mpaka wiki ya 16. Sikujua. Parvo, ugonjwa wa virusi wa kuhara na kutapika, ilimchukua kwa siku tatu. Ombeni kadi ya chanjo yenye sahihi, na mwone mama yake kwa macho yenu.

Kijana_Ntinda, Kampala

Msaidizi, nimemfunua sasa hivi. Si mwekundu. Ni kama waridi lililofifia, na nikibonyeza unachelewa kurudi. Mkojo ni wa kawaida. Nyuma ya sikio la kushoto nimekuta kupe wawili, na mimi nilimwogesha juzi. Natafuta gari.

MamaTofali, Mukono

Kaka nenda. Chukua na hao kupe kwenye karatasi. Tuandikie ukifika, hata saa nane usiku niko macho.

Kijana_Ntinda, Kampala

Tumerudi. Ni erlikia. Joto lake lilikuwa 40.3, na mle garini alikuwa anatikisa mkia kila nikimwita. Tumepewa doksisaiklini, na Jumatatu wanarudia kupima damu.

Afande_Mstaafu, Bombo

Alhamdulillahi. Kidonge baada ya chakula, mwanangu. Na yule mwenzake wa kienyeji umpime pia, wanaishi boma moja.

Kijana_Ntinda, Kampala

Mzee, kweli, naye anayo. Wote wako kwenye dawa.

Leo ni siku ya tatu. Ufizi bado haujawa kama ninavyoutaka, ila asubuhi Zabibu ameinuka mwenyewe akanifuata mpaka mlangoni, akakaa mguuni pangu. Kidonge namfichia ndani ya mukene.