Tupeane uzoefu: Uliyekulia pembezoni mwa Dar, mtaa wenu ulikuwaje na kimebaki nini?

Mleta uzi

Wakuu, habari za wikiendi. Stori za Kariakoo, Ilala na Magomeni tumezisikia hadi tumezikariri. Sisi tuliokulia kule ambako konda anasema "mwisho wa gari" na wewe bado una mwendo wa mguu mbele yako, hatujawahi kukaa tukasimuliana. Tuanze leo. Sitaki habari za nani alijenga wa kwanza wala kiwanja kilinunuliwa bei gani. Nataka mahali penyewe: udongo, mto, miti, harufu, sauti, kile kilichokuwa kinakuambia umefika kwenu hata kama umesinzia kwenye gari.

Mimi ni wa Mbezi ya Kimara, upande wa kushuka bondeni. Watu wa mjini wanadhani Dar yote ni tambarare. Waje wapande kutoka mtoni hadi barabara ya Morogoro na ndoo kichwani, tuongee vizuri. Tulipohamia, mipaka ya viwanja ilikuwa michongoma. Ina miiba, ndiyo, lakini kila ua ulikuwa na upenyo wake na sisi watoto tulijua upenyo upi unatokea kwa nani. Ukitumwa dukani unakatiza nyua za watu, unatoa shikamoo kila baraza, unatumwa na wengine chumvi na kiberiti humo humo, na ukifanya utundu njiani taarifa inafika nyumbani kabla yako. Sasa hivi pale pote ni ukuta wa tofali na vipande vya chupa juu. Duka liko palepale, ila unazunguka mbali na hukutani na mtu. Kwangu hilo ni badiliko kubwa kuliko mwendokasi kufika Kimara mwaka 2016, kuliko hata stendi kuu iliyofunguliwa Mbezi Luis 2021. Lami kila mtu anaisifia, michongoma haina wa kuililia.

Karibuni. Tajeni mtaa, majina ya watu yaacheni.

Konda Mstaafu

Nimefanya kazi njia ya Tegeta miaka mingi, Dar naijua kwa vituo. Na kituo hakifi, mkuu. Afrikana hadi leo abiria anagonga bodi ashushwe Afrikana, wakati hoteli yenye jina hilo iliyokuwa kule chini ufukweni ilishaachwa baada ya bahari kuula ufukwe wake. Tangi Bovu hakuna anayeuliza tangi liko wapi. Kimara Mwisho nayo si mwisho wa kitu chochote, gari zinapita kwenda Kibaha.

Halafu hiyo ya bahari isichukuliwe kirahisi. Mito ya Tegeta na Mbezi ndiyo ilikuwa inapeleka mchanga baharini, na ufukwe unaishi kwa mchanga huo. Sisi tukawa tunauchota mtoni kujengea nyumba zetu za huku juu. Wataalamu wamesema siku nyingi kwamba hiyo ni sehemu ya sababu ya fukwe za Kunduchi kuliwa. Yaani nyumba ya Goba na hoteli ya ufukweni zinahusiana, ingawa wenye nyumba na wenye hoteli hawajuani.

Wa Kimara Korogwe

Kwetu alama zilikuwa miti na mabucha. "Shuka kwenye mwembe, uliza." Bomoabomoa ya 2017 ilipopita kupisha upanuzi wa barabara, ule mstari wote wa mbele ukaondoka: maduka, miembe, mafundi baiskeli. Barabara ni nzuri, njia nane hadi Kibaha, silalamiki. Ila mgeni akikupigia simu amefika, unamwelekezaje? Ninawaambia watume lokesheni tu.

Mkaa Bondeni

Konda hapo kwenye mchanga umegusa nyumbani kwangu, na siyo kwa mfano. Ninaishi kando ya mto Mbezi. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunauvuka kwa kuruka mawe, kiangazi maji yanakufika kwenye kifundo cha mguu. Leo simama ukingoni uangalie ukuta wa ule mmomonyoko: juu kuna udongo mwekundu, chini yake mchanga mweupe mweupe, na katikati mizizi ya mwembe inaning'inia hewani haina pa kushika. Pembeni ya mizizi kuna duara la tofali limekatwa nusu. Hilo lilikuwa shimo la choo la jirani. Nyumba yake yenyewe ilishaondoka na mvua.

Watu wanatuambia tulijenga mtoni kwa ubishi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sawa. Lakini mita 60 kutoka ukingo upi? Ukingo wa wakati mzee anajenga au wa leo? Kwetu mto ndio uliotufuata. Huku juu vilima vyote vimejaa mabati na sakafu za zege, mvua ikinyesha haina pa kuzama, yote inateremka kwa mpigo. Chini, mchanga wa mtoni umechotwa, kitako cha mto kimeshuka, kingo zinabaki ndefu na hazina nguvu. Zikilowa zinamomonyoka usiku mmoja kipande cha upana wa chumba. Tumeweka viroba vya mchanga, tumeweka matairi, tumepanda mianzi. Mianzi inasaidia kidogo, viroba vinakwenda na maji.

Masika yakianza nyumba nzima tunalala kwa zamu. Nyie mnaosema sauti ya mvua kwenye bati ni tamu, mnatoka mtaa gani?

Dada wa Mabwepande

😂 Kaka Bondeni, pole. Mimi natoka huko huko kwa mafuriko. Desemba 2011 maji ya Msimbazi yalitutoa bondeni na familia yetu ikawa kati ya zilizopelekwa Mabwepande. Kutoka Jangwani, bonde la Msimbazi, ambako jirani akikohoa unamwambia pole bila kutoka kitandani, hadi kwenye mahema porini. Usiku wa kwanza mama hakulala, si kwa hofu ya wezi, kwa ukimya. Vyura tu na giza. Baba kibarua chake kilikuwa Kariakoo, nauli ikawa inakula nusu ya alichopata, baadhi ya wenzetu wakarudi mjini kupanga.

Wadogo zangu waliokulia huku sasa ukiwaambia "kwetu ni Jangwani" wanakushangaa. Kwao ni Mabwepande, wanajua hadi njia za kuokotea kuni.

Mtoto wa Gongo la Mboto

Kwetu sauti ni ndege. Unaongea, ndege ya uwanja wa JNIA inapita, unanyamaza na mdomo wazi, ikiisha unaendelea pale pale ulipoachia. Mgeni anadhani umepatwa na kitu.

Na usiku wa Februari 16, 2011, mabomu ya kambi ya jeshi yakalipuka. Tulikimbia bila viatu, watoto waliachana na wazazi, wengine walikutana siku ya pili. Wa Mbagala wanaijua hiyo, kwao ilikuwa Aprili 2009. Hadi leo radi ya kwanza ya masika ikipiga, majirani wa umri wangu utawaona wametoka barazani, wanajifanya wanaanua nguo.

Mdadisi

Mleta uzi mnasifia michongoma, mmesahau nyoka waliokuwa wanakaa humo? Na ndege wadogo wa kwenye michongoma, msije mkasema walifukuzwa na kuta, walifukuzwa na kunguru weusi. Kunguru walikuja Zanzibar toka miaka ya 1890 huko, wakavuka. Wanakula mayai na vifaranga. Tusisingizie tofali kila kitu.

Wa Kibada

Kigamboni. Kabla ya daraja la 2016 mjini ilikuwa ni pantoni, na pantoni likiharibika umelala ng'ambo. Mikorosho kila mahali, ikichanua harufu yake inafika hadi chumbani. Mikorosho imekatwa viwanja, hilo nimelikubali. Ninachokasirika ni vijia vya kwenda baharini. Tulikuwa tunatoka shule tunashuka moja kwa moja majini, leo vijia kadhaa vimezibwa na fensi na mlinzi anakuuliza unamfuata nani. Namfuata nani? Bahari.

Konda Mstaafu

@Mkaa Bondeni kwa nini msihame tu, mkuu? Nauliza kwa nia njema.

Mkaa Bondeni

Mkuu, kiwanja kilichobaki nusu kinauzwa kwa nani? Na nikipata hela ya kununua Chanika au Msumi, huko nako kuna mabonde na watu tayari wanachota mchanga. Mzee yeye amekataa kabisa, makaburi ya wazazi wake yako upande wa juu wa kiwanja. Wiki ijayo tunaongeza mianzi. Mwenye miche karibu na Malamba Mawili ani-PM.