Nimerudi Dodoma, lakini moyo umebaki Ankara

Mkaazi wa Ilazo:

Mbukwenyi, ndugu zangu. Nilisoma shahada ya uzamili ya mipango miji mjini Ankara kwa ufadhili wa serikali ya Uturuki, mwaka mmoja wa lugha na miwili ya masomo, na huu ni mwezi wa nane tangu nirudi nyumbani. Nilikwenda kufuata shahada. Nimerudi na mapenzi ya nchi ya watu ambayo sijui niyaweke wapi.

Ankara ilinipokea kama mji ninaoufahamu. Nao uko bara, juu ya uwanda mkavu, na ulipofanywa makao makuu mwaka 1923 balozi nyingi zilisita kuihama Istanbul. Mtu aliyekulia Dodoma, mji uliotangazwa makao makuu mwaka 1973 na kuisubiri serikali kwa zaidi ya miaka 40, hahitaji kuelezwa hali hiyo.

Hata hivyo, kilichonishika hasa ni lugha. Kila alfajiri nilipita kwa mwokaji mikate aliyekuwa jirani na bweni letu, nikamwambia “kolay gelsin”, yaani kazi iwe nyepesi kwako, kama sisi tunavyosema “pole na kazi”. Mgonjwa ana pole yake, “geçmiş olsun”, na mfiwa ana yake. Alipofariki baba yangu mdogo nikashindwa kurudi kuzika, mwokaji yule alitoka nyuma ya tanuri, unga ukiwa bado mikononi, akanishika bega akasema “başın sağ olsun”, akanipa mkate wa moto na kukataa hela.

Sasa profesa wangu ananiita nirudi kwa shahada ya uzamivu. Mama yuko Mpwapwa peke yake, wala hanikatazi. Ananiuliza tu kama huko nako kuna mlenda. Nitajuaje kama naipenda nchi yenyewe, au naupenda ule wakati wa maisha yangu?

Mstaafu wa Kongwa:

Mbukwa, mwanangu. Mimi nilikwenda Moscow mwaka 1983, katika Chuo Kikuu cha Urafiki kilichobeba jina la Patrice Lumumba, nikasoma kilimo. Mwaka wa kwanza wote ulikuwa wa Kirusi. Nilirejea mwaka 1989. Desemba 1991, nikiwa hapa Kongwa nahudumia ng'ombe, redio ikatangaza kwamba Umoja wa Kisovieti haupo tena. Nchi niliyoipenda iliondoka kwenye ramani, nami nikawa kama mfiwa asiye na kaburi la kuzuru.

Aliyebaki ni bibi mmoja aliyekaa mlangoni mwa bweni letu. Katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, alikuwa hamruhusu mwanafunzi yeyote kupita mbele yake bila kofia. Alinivuta mkono, akanifunga skafu yake mwenyewe, huku akinigombeza kama mwanawe. Nikimkumbuka, simwoni kijana niliyekuwa wakati ule. Namwona yeye, na miguu yake iliyovimba kwa kukaa usiku kucha.

Nimesoma maneno yako mara mbili. Wewe mwenyewe umejitaja kidogo, na mwokaji umemtaja mpaka unga wa mikononi mwake. Kwa maoni yangu, hayo si mapenzi ya ujana wako.

Mtanzania aliyeko Ankara:

Dada, namheshimu sana mzee, ila kuna jambo ambalo bweni lilikuficha. Ulipokuwa na ufadhili, paa na chakula vililipiwa. Mimi nilibaki kufanya kazi, na Oktoba 2022, mfumuko wa bei ulipopita asilimia 85 kwa hesabu za serikali yenyewe, mwenye nyumba alitaka nihame ili apangishe kwa bei mpya. Kila muda wa “ikamet”, yaani kibali cha kuishi, unapokaribia kwisha, silali vizuri. Na ukifikiria kubaki moja kwa moja, kumbuka kuwa sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili: ukichukua wa kwao, wa kwetu umekwenda.

Bado naipenda nchi hii, na nakuambia haya kwa sababu naipenda. Uzamivu ni miaka minne au zaidi. Mweleze profesa kwamba utafiti wako utaihusu miji mikuu miwili iliyohamishwa kutoka pwani kwenda bara, ili kazi ya uwandani uifanyie Dodoma. Utapata miezi mingi ya kuwa karibu na mama.

Mkaazi wa Ilazo:

Shikamoo, mzee. Nimeyasoma maneno yako nikalia. Kaka, nashukuru, barua kwa profesa nimeiandika usiku huu huu, nikaitaja Dodoma katika sentensi ya kwanza.

Jumamosi nakwenda Mpwapwa kuzungumza na mama ana kwa ana. Jana alinipigia simu kunieleza kwamba ameanika mlenda na kuusaga, mfuko mmoja mkubwa. Sikumuuliza ni wa safari ya nani.