Tondezi haitaki kuwaka tangu mvua ianze, bujie ni mpya

kijana_belair
Jambo ba fundi. Niko na tondezi ya kukata majani, ile ya kusukuma yenye kamba ya kuvuta. Mwezi wa 4 ilikuwa inakata vizuri, nikaiweka mu depo juu kiangazi hapa Lubumbashi majani inakauka yote hakuna kazi yake, sasa mvua imerudi majani imefika ku magoti na mashini haiwaki. Navuta kamba mpaka bega inauma, haikohoi hata kidogo. Bujie, ile ya kutoa cheche, nimebadilisha, mafuta ya moteri iko ku alama, esansi iko mu tanki. Jirani anasema bobini, ile inapeleka moto ku bujie, imekufa, na kuna mtu kule mjini anataka kuniuzia ingine kwa bei ya kutia kizunguzungu. Ninunue ao niache?

mtu_wa_himbi
Huko Lubumbashi muko juu, karibu metre 1,200, hewa nyepesi, karbirateri, ile inachanganya esansi na hewa, inatoa esansi nyingi kupita kiasi cha hewa, moteri inazama. Sisi huku Goma tuko ku 1,500 na grupu zetu za umeme zinatusumbua hivyo hivyo.

mekano_katuba
Mukubwa wa Himbi aksanti, lakini mwezi wa 4 iliwaka, na tangu mwezi wa 4 mji haukupanda 😂

Kijana, bobini uache kwanza. Esansi iko mu tanki sawa, lakini ni ya lini? Kama ni ileile ya kabla ya kiangazi basi imeoza, nusa tu, esansi ya zamani inanuka kama rangi ya mlango. Na kama ulinunua ku ba kadhafi, wale wauza esansi ya barabarani, mimina kidogo mu chupa nyeupe uiache itulie, maji ikiwa ndani utaiona imekaa chini.

Sasa fanya hivi. Funga starteri (ile ya kupunguza hewa), vuta kamba kidogo, halafu toa bujie uangalie pua yake. Imelowa? Esansi inafika, tutatafuta ku moto. Imekauka? Esansi haifiki, na hapo bujie mpya haisaidii kitu. Kama imekauka, tia esansi mpya mu tundu ya bujie, kidogo sana, hata kifuniko cha chupa ya maji kisijae, rudisha bujie, panguza ile imemwagika, vuta. Ikishika sekunde mbili tatu ikazima, moto uko na bobini ni nzima, pesa yake nunulia watoto mikate.

mama_kasapa
Mi niko na vijana wanakatia watu majani mu maparseli, tondezi zinanijua. Muangalie pia ile fimbo ya ku mkono, ile unabana ndiyo mashini iwake. Kable yake ikilegea, unabana na bado moto umekatwa kule ku moteri, unavuta siku nzima bure. Na uliza kama kuna mtu aligonga jiwe ao kichuguu. Sisi hapa kichuguu haikosi mu parseli! Kisu kikigonga, kuna kipande kidogo cha chuma chini ya volani, ile gurudumu nzito ya moteri, kinakatika, moto unakuja lakini saa si yake, na kamba inakurudishia vidole.

kijana_belair
Haijagonga kitu, na fimbo iko sawa. Bujie ilikuwa kavu kabisa. Nimetia tone, ikalia tatatata halafu kimya!!

mekano_katuba
Njo hiyo. Karbirateri imeziba. Kwanza chomoa waya wa bujie, mkono ukae mbali na kisu. Mwaga esansi ya zamani yote. Ukilaza mashini, upande wa karbirateri na filtri ukae juu, la sivyo mafuta ya moteri inaingia mu filtri na utatuandikia tena kesho. Kikombe cha chini ya karbirateri kinashikwa na vis moja, kifungue polepole kuna joenti ya mviringo usiipoteze. Ndani utakuta uchafu wa rangi ya asali, unanata. Ule vis wenyewe ukiutazama ku mwanga, kwa mashini mingi una katundu kadogo pembeni, ndiyo jiklere, njia ya kupitisha esansi. Usiingize msumari ao sindano ya chuma, tundu ikipanuka mashini itakunywa esansi kama mlevi. Toa uzi mmoja wa shaba mu waya wa umeme, pitisha huo, puliza.

kijana_belair
Imewakaaa! Lakini inapanda inashuka, inapanda inashuka, haitulii. Nikifunga starteri nusu inatulia.

mekano_katuba
Ikitulia na starteri ni kusema esansi bado haitoshi. Ao tundu ndogo ya ralanti (mwendo wa polepole) haijafunguka vizuri, ao joenti kati ya karbirateri na moteri inavuta hewa. Kaza zile bulo mbili zinashika karbirateri kwanza, ni kazi ya dakika, ikikataa ndiyo ufungue tena.

mtu_wa_himbi
Na grupu yangu je? Iko na robine ya esansi pembeni, huwa naizima tu na kontaki.

mekano_katuba
Karbirateri yake ni ya namna ileile. Ukijua haitafanya kazi mwezi mzima, funga robine uiache inguruma mpaka ijizime yenyewe, kikombe kibaki kikavu. Ile esansi ya mu tanki tia mu piki piki yako ingali nzima.

mama_kasapa
Kijana, kabla ya kukata majani ya magoti pandisha magurudumu juu kabisa, pita mara ya kwanza, ndiyo ushushe. Ukianza chini itazima tena utadhani ni karbirateri.