Kabati la vitabu limefungwa kufuli, halafu mnatoa zawadi za kusoma!

Wapapa na wamama wa Lubumbashi, naomba mnisome mpaka mwisho, maana nimejaa hasira. Jumamosi iliyopita, shule ya primeri anakosoma binti yangu, huku Katuba, imegawa zawadi za mashindano ya kusoma. Waliohesabiwa vitabu vingi wamepewa mikoba mipya ya shule, kaye (madaftari) na biskuti mbele ya wazazi wote. Wengine wakaambiwa wajikaze mwaka ujao. Binti yangu yuko mwaka wa nne, anasoma vizuri Kiswahili na Kifaransa, na hakupata kitu. Mkoba nitamnunulia mimi mama yake. Kinachonichoma ni namna walivyohesabu.

Kila mtoto alipewa karatasi ya kuandika jina la kitabu alichosoma, mzazi anatia sahihi, mwalimu anabandika nyota ukutani. Sasa niambieni, mtoto wa Katuba atoe wapi hivyo vitabu? Shule ina kabati zima ndani ya ofisi ya direkta. Vitabu vizuri, vya picha, vililetwa kwa ajili ya watoto hawa hawa, na kufuli halijafunguliwa. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba watoto watavichana. Basi vichanike! Kitabu kinachochanika mikononi mwa watoto kimewafaa kuliko kile kinacholiwa na mende gizani. Na matokeo tumeyaona sote: walioitwa mbele ni watoto ambao baba zao huwanunulia vitabu mjini. Siwaonei wivu, ni watoto wazuri na wamesoma. Lakini shule imepima mfuko wa baba, haikupima bidii ya mtoto.

Binti yangu alisoma kilichokuwemo nyumbani: Injili ya Kiswahili, vitabu vya zamani vya kaka yake, hata vijikaratasi vya kipindupindu tulivyopewa kituo cha afya. Akaviandika vyote kwa mwandiko safi. Mwalimu akafuta karibu vyote. Nilipokwenda kuuliza: "Mama, tunahesabu tu bitabu bya Kifaransa." Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inasema lugha zetu za taifa zitumike kufundishia, na Kiswahili ni moja ya zile nne. Darasa la kwanza na la pili mnawafundisha kusoma kwa Kiswahili, halafu wakisoma kwa Kiswahili mnasema hawajasoma?

Kuna jambo limeniuma kuliko hata la binti yangu. Jirani yangu anauza makala (mkaa), hakubahatika kwenda shule. Mwanawe wa mwaka wa tano ndiye anayemsomea kila kitu: ujumbe wa simu, barua za kanisa, karatasi za dawa. Jioni wanawake wa avenue yetu wanamletea karatasi zao awasomee, na anawaeleza kwa Kiswahili yaliyoandikwa kwa Kifaransa. Karatasi yake ya mashindano ilirudishwa kwa sababu haina sahihi ya mzazi. Mama yake hajui kuandika jina lake! Mtoto anayesomea avenue nzima amerudi nyumbani mikono mitupu, na mama yake amelia, kwa sababu anaamini kosa ni lake.

Wakati huo huo wapo waliojaza majina ya vitabu wasivyowahi kuvishika, kaka mkubwa akatia sahihi, nyota zikabandikwa. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeulizwa kitabu kinasimulia nini. Kule Dallas, Marekani, mtaalamu wa uchumi Roland Fryer alijaribu kuwalipa watoto wa mwaka wa pili dola 2 kwa kila kitabu, lakini mtoto alijibu kwanza maswali ya kitabu hicho kwenye kompyuta. Matokeo yake, yaliyochapishwa 2011, yalionyesha kwamba kule Dallas kumlipa mtoto kwa kusoma kulionekana kuwasaidia watoto wanaozungumza Kiingereza tu, ilhali kule New York na Chicago malipo ya pointi za mitihani na za masomo hayakuonyesha faida ya uhakika. Sisi hatuhitaji kompyuta. Mwalimu amwite mtoto, amwambie, "Nisimulie." Kwa dakika chache atajua.

Na zawadi yenyewe ina hatari yake. Mwaka 1973, huko huko Marekani, mtaalamu wa saikolojia Lepper na wenzake walichukua watoto wadogo waliopenda kuchora, wakawaahidi cheti wakichora. Baadaye, cheti kilipoisha, watoto hao wakawa wanachora kidogo kuliko wasioahidiwa kitu. Mimi naliona nyumbani kwangu. Zamani binti yangu alisoma hata gazeti lililofungia karanga. Siku hizi kabla ya kufungua kitabu ananiuliza, "Mama, batahesabu hii?" Nikisema hapana, anakiweka chini.

Halafu feza. Komite ya wazazi ilituchangisha kwa ajili ya zawadi hizi. Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni bure, na tangu 2019 tumetangaziwa kwamba bure hiyo imeanza. Hata hivyo nimetoa, kwa kuwa niliambiwa ni ya kusoma. Kumbe ni ya mikoba na biskuti! Feza ile ile, kwa wale wauza vitabu vya zamani wa mjini, ingeleta vitabu vya darasa zima kupokezana.

Sipingi watoto kupewa zawadi. Mtoto wa mwaka wa pili aliyeanza na silabi na sasa anamaliza ukurasa, mpeni, tena mbele ya watu. Lakini apimwe na alivyokuwa yeye mwenyewe, Kiswahili kihesabiwe, sahihi iondolewe, na zawadi iwe kitabu. Na kabati lifunguliwe kwanza, kabla ya nyota yoyote kubandikwa.

Mkutano wa wazazi unakuja na nitasema haya yote mbele ya direkta. Sitaki kwenda na hasira tupu. Mwenye mtoto katika shule ambayo vitabu vinatoka hadi nyumbani aniandikie hapa mnafanyaje: nani anaandika majina, mtoto anakaa na kitabu siku ngapi, na kikipotea nani analipa.