MREJESHO: Muda wa mazoezi kwa anayetoka alfajiri na kurudi usiku

Wakuu, habari zenu. Niliuliza hapa mtu anayeishi Kimara na kufanya kazi Posta, katikati ya jiji la Dar, atapata wapi muda wa mazoezi. Asanteni sana, mmenisaidia mno.

Kilichofanya kazi ni ule ushauri wa kushuka basi la mwendokasi kituo cha Fire, kabla ya kufika Posta, na kumalizia kwa miguu. Raba mguuni, viatu vya ofisini na shati la kubadili kwenye begi, maana joto la Dar mnalijua. Mwendo ni ule ambao kuongea unaweza, kuimba huwezi. Aliyenielewesha kwamba zile dakika 150 za mazoezi kwa wiki zinazoshauriwa na Shirika la Afya Duniani zinaweza kugawanywa vipande vipande, Mungu akubariki. Jumamosi najazia na jogingi ya mtaani.

Kutembea jioni kumegoma: ukienda kupandia Fire, gari linafika limeshajaa. Pushapu za usiku nazo zimenishinda, watoto wananisubiri na siwezi kuwanyima muda huo. Aliyependekeza kuruka kamba, naijaribu Jumapili asubuhi.